Ngoma ya Burundi Ndani ya Rock ya Uingereza: Nani Aliazima, na Nani Alisahaulika?

Mwezi huu tuongee kidogo habari ya muziki, kwa sababu katika nyumba nyingi za hapa kambini redio ndiyo mgeni asiyeondoka, na sasa kuna simu pia.

Mnajua wenyewe ilivyo. Wimbo unaanza tu, hata mwimbaji hajafungua kinywa, mtu anadakia: "Aa! Hawa wameiba. Hili gitaa ni la wimbo ule wa zamani!" Mwingine anakataa. Kijana anasema wa zamani ndio walioiba, mzee anacheka. Mabishano yanaenda mpaka chakula kinapoa.

Basi, leo tuyaweke sawa hayo mabishano. Je, nyimbo kufanana ni wizi? Na kama ni wizi, kimeibwa nini hasa? Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mmoja mkubwa kuliko yote ulitoka hapahapa Burundi, nchi iliyotupokea, na ulifika mpaka kwenye rock ya Uingereza.

KUFANANA KUNA AINA ZAKE

Wimbo mmoja una vitu vingi ndani yake. Kuna maneno. Kuna sauti, yaani ile njia ya kupanda na kushuka ambayo unaweza kuipiga mluzi bila maneno. Kuna mdundo. Halafu kuna kile kipande kifupi cha gitaa au cha besi kinachojirudia tangu mwanzo, ambacho ukikisikia tu umeujua wimbo. Wapiga rock wanakipenda sana hicho kipande, na wapiga rumba wetu hali kadhalika.

Sasa, mtu anaweza kuazima kwa njia mbili. Ya kwanza, anasikiliza, halafu anapiga mwenyewe kwa mikono yake. Huko ni kuiga. Ya pili, anachukua kanda au sahani iliyorekodiwa na watu wengine, anakata kipande na kukibandika ndani ya wimbo wake. Hapo hakuiga, amechukua jasho lenyewe la mtu, sauti ya mkono wake. Tafadhali shikeni tofauti hii, tutaihitaji mbele.

Katika nchi nyingi sheria inalinda maneno na sauti ya wimbo, na inalinda pia ile rekodi. Mdundo peke yake ni vigumu kuudai. Hakuna mtu anayeweza kusema rumba ni yake, au cha-cha ni yake. Ndiyo maana wenye ngoma wanapata hasara kirahisi kuliko wenye maneno.

NGOMA YENYEWE

Wale waliopitia Bujumbura, au waliokaa Buyenzi na Bwiza kabla ya kuletwa kambini, wengi wamewaona wapiga ngoma wa Burundi kwa macho yao. Wanakuja wamebeba ngoma kichwani huku wanapiga. Wanazipanga nusu duara, idadi yake daima si shufwa. Ile ya katikati inaitwa inkiranya, ndiyo inayoongoza. Zile za amashakwe zinashika mdundo mmoja usiokatika, na zile za ibishikiso zinamfuata kiongozi. Mchezaji mmoja anaruka mbele, anapiga inkiranya, anarudi, mwingine anaingia. Fimbo ni mbili, na mwili wote unafanya kazi.

Ngoma hizo zinachongwa katika gogo la mti uitwao umuvugangoma, zinawambwa ngozi ya ng'ombe. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma, na ni ufalme vilevile. Karyenda, ngoma takatifu, ilikuwa alama ya mwami. Pale Gishora, karibu na Gitega, ndipo panapojulikana sana kwa ulinzi wa ngoma za kifalme tangu enzi za Mwami Mwezi Gisabo. Kwa hiyo haikuwa ngoma ya kujifurahisha tu jioni. Ilikuwa na wenyewe, na ilikuwa na siku zake.

Ufalme ulifutwa tarehe 28 Novemba 1966. Ngoma ikabaki bila mwami. Na mwaka uliofuata ndipo ikaanza safari yake ya mbali.

SAHANI YA MWAKA 1967

Mwaka 1967 Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walirekodi muziki wa Burundi kwa ajili ya Ocora, mradi wa redio ya Ufaransa uliokusanya muziki wa asili. Mwaka 1968 ikatoka sahani iitwayo Musique du Burundi. Ndani yake kuna uimbaji wa inanga wa kunong'ona, kuna nyimbo za akina mama za kusalimiana, na kuna ngoma. Ilikuwa sahani ya watu wa kusoma na kutafiti, si ya kuchezwa kwenye dansi.

Lakini muziki hauna mipaka kama sisi wenye vibali. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Ufaransa, Michel Bernholc, aliyejiita Mike Steïphenson, alichukua ile rekodi ya ngoma, akaongeza magitaa na kinanda juu yake. Akaipa jina Burundi Black. Hiyo ndiyo njia ya pili tuliyoisema: kukata na kubandika. Ikaingia kwenye orodha ya nyimbo zilizouzwa sana Uingereza, ikafika nambari 31. Mtunzi aliyeandikwa ni Steïphenson.

Fikirini hapo kidogo. Jina la nchi limeandikwa kwa herufi kubwa kabisa, lakini mtunzi ni mtu aliyekuja na gitaa baada ya kazi kwisha. Na mwaka uliofuata, 1972, huku wimbo huo bado mpya Ulaya, maelfu ya Warundi walikuwa wanauawa na maelfu wengine wanakimbilia Tanzania na kwetu Kongo. Mtu angeweza kucheza ngoma ya Burundi London bila kujua lolote juu ya Warundi.

Mwaka 1975 mwimbaji wa Kanada, Joni Mitchell, naye alitumia rekodi ya ngoma hizo katika wimbo wake The Jungle Line. Yeye kwenye jalada la sahani aliandika wazi kwamba ngoma ni za Burundi. Si majina ya watu, lakini angalau ni hatua.

WAINGEREZA WANAPOAMKA

Halafu ikaja mwaka 1980. Meneja mmoja wa London, Malcolm McLaren, aliyekuwa maarufu kwa kundi la Sex Pistols, alimsikilizisha kijana Adam Ant ule mdundo wa Burundi. Baadaye McLaren akamnyang'anya wapigaji wake, akawaundia kundi lingine, Bow Wow Wow. Adam hakulala. Akatafuta wapigaji wapya, na akaweka wapiga dramu wawili badala ya mmoja, ili wapate ule uzito wa ngoma nyingi zikipigwa pamoja.

Kwa hiyo makundi mawili yaliyogombana yalitoka na mdundo mmoja, na mdundo wenyewe haukuwa wa yeyote kati yao! Albamu ya Adam and the Ants, Kings of the Wild Frontier, ilitoka mwishoni mwa 1980, na ndiyo iliyouzwa kuliko zote Uingereza mwaka 1981. Bow Wow Wow nao walitoka na wimbo kuhusu watoto wanaorekodi muziki wa redio kwenye kanda tupu bila kununua sahani. Jina la wimbo ni namba za kanda zenyewe: C-30, C-60, C-90. Wakubwa wetu wanazikumbuka hizo kanda vizuri. Tazameni mambo ya dunia: wimbo unaosifu kunakili bure, nao umepanda juu ya mgongo wa ngoma iliyonakiliwa.

Magazeti ya muziki ya Uingereza yakauita mtindo huo mdundo wa Burundi. Mwaka huohuo wa 1981 ile Burundi Black ikatengenezwa upya na kuuzwa tena.

Ni lazima tuseme haki: hao wa 1980 hawakukata rekodi ya mtu. Walisikiliza wakapiga wenyewe kwa mikono yao. Wahenga wanasema, Mgala muue na haki yake mpe. Kuiga mdundo si dhambi. Kama ingekuwa dhambi, basi rumba yote ya Kongo ingekuwa mahakamani.

SISI NASI TUNAAZIMA

Ndiyo, na sisi Wakongo tumo. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za muziki wa Kuba, zile zenye herufi GV, zilifika mpaka bandari zetu. Vijana wa Léopoldville wakasikiliza, wakaiga, wakaongeza gitaa lao, ikawa rumba. Lakini Kuba wenyewe walikuwa wamezaliwa na ngoma za watu waliopelekwa utumwani, wengi wao kutoka upande wa Kongo. Kwa hiyo tuliazima kitu ambacho babu zetu walinyang'anywa nacho. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka rumba ya Kongo kwenye urithi wa dunia, kama ilivyokuwa imeiweka ngoma ya kifalme ya Burundi mwaka 2014.

Sasa sikilizeni habari ya mzee wetu wa Katanga, Mwenda Jean Bosco. Naye alirekodiwa na mgeni mwenye mashine, kama wale wapiga ngoma. Mwaka 1952, mjini Jadotville ambayo leo ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi akipiga gitaa kavu na kuimba. Wimbo wake Masanga ukavuka mipaka. Wapiga gitaa wa Kenya wakaiga vidole vyake, wanafunzi wa gitaa wa Ulaya na Marekani wakaukalia chini kuusoma. Waliomwiga ni wengi kabisa. Lakini leo, miaka zaidi ya 70 baadaye, ukiuliza ule upigaji ni wa nani, unajibiwa: Bosco.

Kwa nini? Kwa sababu jina lake liliandikwa kwenye sahani siku ya kwanza. Basi. Mgeni alikuja na mashine kwa wote wawili. Mmoja alitoka na jina lake, wengine walitoka na jina la nchi tu.

JINA NI CHAKULA CHA WATOTO

Kuna mtu atasema, "Jina litanisaidia nini? Mimi nataka dawa na unga." Huyo tumweleze habari ya Solomon Linda wa Afrika Kusini.

Mwaka 1939 Linda na kundi lake Evening Birds waliimba Mbube studioni Johannesburg. Haki ya wimbo akaiuza kwa studio; inasemwa alipata shilingi 10. Wamarekani wakauchukua: kwanza The Weavers, halafu mwaka 1961 The Tokens wakaufanya The Lion Sleeps Tonight, wimbo ulioingia kila pembe ya dunia. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa maskini. Mwaka 1994 wimbo ukasikika katika filamu ya Lion King, ambayo hata watoto wa hapa kambini wameiona. Mabinti zake walikuwa wanaishi Soweto kwa shida. Mwaka 2004 kesi ikafunguliwa, na mwaka 2006 wakapatana na wenye wimbo: familia ilipwe, na jina la baba yao litambuliwe.

Mabinti walishinda kwa sababu mambo mawili yalikuwapo: rekodi ya zamani, na jina la baba juu yake. Bila jina wangekuwa watu wanaolia tu barabarani.

Na pale jina linapobishaniwa? Malaika kila mtu anaujua. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi mwanzo, na Miriam Makeba akaupeleka duniani. Lakini wako wanaosema uliotungwa na Adam Salim, na wengine wanataja majina mengine. Ni wimbo ulioimbwa kuliko karibu wimbo wowote wa Kiswahili, na bado mabishano hayajaisha. Mtunzi na mwenzake hawakukaa chini mapema wakaandika karatasi.

KUAZIMA KWA ADABU

Msifikiri kwamba hakuna mfano mzuri. Upo, na ni wa Burundi. Khadja Nin, mwimbaji aliyezaliwa Burundi mwaka 1959, alitoa albamu yake Sambolera mwaka 1996. Ndani yake kuna Sina Mali, Sina Deni, wimbo ambao wengi hapa wanaupenda. Ule muziki ni wa Stevie Wonder wa Marekani, kutoka wimbo wake Free wa mwaka 1987. Khadja Nin aliuchukua, akauvalisha Kiswahili, ukawa kama umezaliwa kando ya ziwa Tanganyika. Na jina la Stevie Wonder limeandikwa pale pale.

Kuna aliyepoteza kitu? Hakuna. Wonder ameheshimiwa, Khadja Nin amesifiwa, na sisi tumepata wimbo. Hiyo ndiyo adabu ya jirani: unaazima sufuria, unasema umeazima kwa nani, na unairudisha imeoshwa.

Wapiga ngoma nao hatimaye walisafiri wenyewe. Julai 1982, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza, wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani, na kundi la rock la Echo and the Bunnymen likapiga pamoja nao. Hapo haikuwa kanda. Ilikuwa watu, na watu wakaonekana.

Hata nyumbani swali la "ngoma ni ya nani" halijanyamaza. Oktoba 2017 serikali ya Burundi ilitoa amri: maonyesho ya ngoma nje ya sherehe rasmi yaombewe ruhusa na kulipiwa, na wanawake wasipige ngoma hizo. Wengine walisema ni kulinda urithi, wengine walisikitika, hasa akina dada waliokuwa na makundi yao. Sisi wageni hatuingilii. Tunachotaka muone ni kwamba kitu kisichoandikwa mwenyewe ni nani, kila mwenye nguvu anaweza kukiandikia jina.

TUFANYE NINI HAPA KAMBINI?

Hapa kwetu kuna korali, kuna makundi ya vijana wa rap, kuna akina mama wanaotunga nyimbo za mazishi na za arusi, kuna wazee wenye hadithi za kuimba. Na wageni wenye kamera wanakuja kila mara, wanarekodi, wanaondoka. Wengi wao ni watu wema. Hata hivyo, tujipange:

1. Kila korali iwe na daftari. Andikeni jina la wimbo, jina la aliyeutunga, aliyeongeza sauti au gitaa, na tarehe. Watu wawili waweke sahihi. Katika nchi nyingi haki ya mtunzi inaanza siku anapotunga, lakini siku ya ubishi ni lazima uwe na ushahidi. Hapa Burundi sheria ya haki za watunzi ilipitishwa tarehe 30 Desemba 2005.

2. Kama wimbo ni wa asili, msiandike "wa kwangu". Andikeni umetoka kijiji gani, kabila gani, na nani aliyewafundisha. Bibi aliyekufundisha ana jina.

3. Mgeni akitaka kurekodi, mwulizeni kwa upole: Unaitwa nani? Unaipeleka wapi? Majina yetu yataandikwa? Tutapata nakala? Mtu mwema hakasiriki akiulizwa.

4. Usitie sahihi kwenye karatasi usiyoielewa. Omba isomwe kwa Kiswahili au kwa lugha yako, na mtu mwingine awepo.

5. Ukituma wimbo kwa simu, anza kwa kutaja jina: "Huu ni wimbo wa fulani, wa korali fulani." Ni sekunde tano tu, lakini sauti hiyo itasafiri pamoja na wimbo.

6. Na sisi tukiazima, tuseme. Kijana akichukua mdundo wa Warundi jirani zetu, au gitaa la mzee wa Fizi, ataje. Hatuwezi kudai adabu tusiyoitoa.

Methali inasema, mcheza kwao hutunzwa. Wale wapiga ngoma wa mwaka 1967 walicheza kwao, wakatunzwa wengine mbali. Sisi hata kwetu hatupo. Tuko kambini, na mali yetu nyingi ilibaki nyuma tulipokimbia. Nyimbo ni katika vichache tulivyovuka navyo mpaka, kwa kuwa hakuna askari anayeweza kuzipekua kichwani. Tusizipoteze kwa uvivu wa kalamu.

MAONGEZI YA NYUMBANI

Jioni moja mwezi huu, wazazi, kaeni na watoto mwongee haya:

– Ni wimbo gani wa familia yetu ambao hatujawahi kuuandika? Nani aliutunga?

– Ni nyimbo gani mbili tunazozijua zinazofanana? Zinafanana kwa maneno, kwa sauti, kwa mdundo, au kwa gitaa?

– Mtu akichukua wimbo wetu na kuuimba vizuri kuliko sisi, tutafurahi au tutakasirika? Kwa nini?

Majibu yenu, na majina ya watunzi wenu, yaleteni kwa wahariri wa jarida. Tukipata ya kutosha, tutayachapa katika toleo lijalo, kila wimbo na jina la mwenyewe kando yake.